Punje Moja kwa Magunia Sita

Jumatatu, 1 Septemba
Itangazwe kwa Kitale yote na viunga vyake: mbuzi wa jirani amekula kofia yangu ya kazi. Marehemu ameacha ukingo na kifungo kimoja. Wanjiru, mke wangu, hakutoa rambirambi. Alisema angalau mbuzi ameipatia matumizi.

Bungoma wameanika mahindi. Kikundi chetu cha kupima mahindi kinaanza mzunguko Alhamisi. Nimeosha chupa nne, ziko juani. Chumvi ipo. Kazi yenyewe si ya maajabu: konzi ya mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa, ngoja. Chumvi ikishika kioo, mahindi bado yana maji, yataoza stoo. Ikianguka chini, nachora alama ya chaki kwenye gunia na watu wanakula bila wasiwasi. Hatulipishi.

Miaka ishirini niliuza mbolea dukani na sikuwahi kuiota. Hii kazi naiota. Siku hizi naiota vibaya.

Jumatano, 3 Septemba
Simiyu, katibu wetu, ameleta orodha. Nyumba ya kwanza: Mama Nafula, Bumula. Nikamwambia aende yeye. "Mwenyekiti, si huyo ni mtu wako? Amesema anataka Bwana Chaki mwenyewe, bana." Nikacheka. Kicheko kilitoka kama kikohozi.

Mumewe, Mzee Wekesa, tulimzika Juni. Ini. Tumbo lilivimba, macho yakawa manjano. Nilihutubu kwa niaba ya kikundi. Watu walinishika mkono, ati nimeongea vizuri.

Alhamisi, 4 Septemba
Sikuenda. Nimesingizia mgongo. Mgongo wangu ni mtu mwema, haujawahi kukana.

Simiyu amepima nyumba zingine. Mama Nafula amesema ataningoja.

Mchana nimesikia chupa ikitikiswa. Chumvi na punje, shwa, shwa. Nimekagua mkoba: chupa zote nne zimelala, tupu. Alikuwa Wanjiru, anapepeta maharagwe nje. Nimerudi kukaa. Sauti haikuisha alipomaliza.

Jumapili, 7 Septemba
Mzee Wekesa alikuwa kanisani, safu ya mbele. Shingo yake, shati lake la kijani. Akageuka: fundi redio wa mtaa wa pili. Nilikuwa nimeshampungia mkono. Naye akanipungia, maskini, bila kujua kosa lake.

Chakula cha mchana, Wanjiru: "Baba Wambui, huo ugali unauliza maswali?" Nikausukuma kando. Aliyeuliza ni mimi.

Simiyu amepiga simu kwa furaha. Tumealikwa Bungoma mjini, mkutano wa vikundi, tueleze kazi yetu. Shahidi wetu atakuwa Mama Nafula. Ameshakubali. Atasema vile chaki yetu imelinda nyumba yake.

Jumanne, 9 Septemba
Sijala. Naogopa. Basi.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimetoka Bumula. Niandike ilivyokuwa, bila mzaha.

Mwaka jana kwa Mama Nafula palikuwa nyumba ya mwisho. Mvua ilikuwa imenikuta njiani, chupa zimeingia maji. Kuzikausha kulihitaji jua na subira. Mzee Wekesa akanipa kiti, akanitania kwamba watu wa Kitale tunaogopa mvua kama paka. Niliona aibu kusema nirudi kesho. Nikachukua punje moja, gunia la juu kabisa, nikaiuma. Ikalia kak. Baba yangu alipima hivyo. Nikachora chaki magunia yote sita, nikanywa chai, nikaenda.

Wiki ya matanga Mama Nafula alinisimulia, akinisifu. Gunia la chini lilikuwa na ukungu. Walitaka kulimwaga. Mzee akasema hapana, lina chaki ya yule bwana. Likasagwa kwa uji wake mchachu, ule ambao hakuna mwingine aliyeupenda.

Ukungu wa mahindi una sumu inayoharibu ini. Daktari alisema ini tu. Hakutaja mahindi. Labda si mahindi. Nimeishi ndani ya hiyo labda miezi mitatu.

Leo nimemwambia Mama Nafula yote. Alikuwa anageuza mahindi kwenye turubai kwa mguu. Mguu ukasimama. Nikamaliza, nikangoja anifukuze. Hakunifukuza. Alitazama magunia saba yaliyopangwa barazani.

"Pima," akasema. "Yote. Anzia chini."

Nikaanzia chini. La tatu chumvi ilishika kioo. Akalimwaga turubaini, akalitandaza mwenyewe. Yale sita mengine yalikuwa makavu. Nilipotoa chaki akaichomoa vidoleni mwangu na kuchora yeye, alama moja moja, polepole.

Simiyu nimemweleza kwa simu. Mkutanoni nitasimulia mimi, na nitasimulia hili.

Mwaka jana walinisindikiza wote wawili hadi barabarani, Mzee amebeba mkoba wangu. Leo nilitembea peke yangu. Kwenye kona niligeuka. Mama Nafula alikuwa ameinama juu ya turubai, chaki bado mkononi, anageuza.