Bawa la Kushoto

Masara, 3 Machi 2025

Mama Sammy,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, kuku wako pia. Mgongo wa kijana unaendeleaje? Naandika kwa sababu ukipokea simu hapo hospitali anasikia yote.

Ile ndege yetu aliyoanguka nayo inarudi angani. Bawa la kushoto lililovunjika nimelitengeneza kwa mbao mpya na kulivisha kitambaa kipya, na mkaguzi wa Nairobi anakuja kuipitisha. Mwambie Sammy ndege ya kujiundia, mtu hashuki nayo chinichini kuwapungia wasichana. Aliniharibia kazi ya miaka minne.

Baba Sammy

Homa Bay, 10 Machi

Baba Sammy,

Metrine wa samaki alinifikishia barua na ndizi, asante. Mimi sijambo, ila usingizi sina. Miguu yake bado haisikii kitu, na sasa ana homa.

Maneno yako nilimsomea. Alicheka, akasema, "Mwambie Baba ni kweli, kosa ni langu." Kila asubuhi anauliza kama mkaguzi amefika. Wiki ya tano hii hujamwona. Njoo hata kwa saa moja.

Mama Sammy

Masara, 2 Aprili

Mama Sammy,

Natumaini homa imeshuka. Mimi nina uzima wa mwili tu.

Mkaguzi alikuja jana. Alikataa kutia sahihi kwa kuwa nilifunika bawa kabla hajaona ndani. Nikapasua kitambaa mbele yake. Waya wa usukani niliukuta umechomoka nilipokuwa natengeneza bawa, nikadhani ni kishindo cha ajali, nikaurudisha. Yeye akauliza pini ya kuzuia nati isilegee iko wapi. Akanionyesha tundu lake: limeziba kwa rangi niliyopaka mwaka jana. Pini sikuwahi kuiweka.

Sammy hakuwa na kosa. Ni mimi. Msomee haya yote. Naona aibu kuja kabla hajasikia.

Baba Sammy

Homa Bay, 4 Aprili

Baba Sammy,

Sina salamu leo. Sammy ametuacha alfajiri.

Barua yako nilimsomea jana jioni. Alikuwa anajua. Usukani ulilegea mkononi mwake akiwa bado juu, na tangu mwanzo alikuwa ameniapisha nisikwambie, akihofia hutashika nyundo tena. Akasema, "Sasa aje." Nikakupigia mpaka nikachoka. Simu ulizima.

Kijana hana simba, ile nyumba ya kijana asiyeoa. Kila nilipokukumbusha umwonyeshe mahali ajenge nyumba yake bomani, ulisema ndege kwanza. Wazee hawatakubali azikwe bila nyumba. Ijenge kabla hatujafika Jumanne. Mbao toa kwenye ndege.

Mama Sammy