Kidonge cha Mtoto, Nusu Yake Nusu Yangu

Mama mshauri mpendwa, naomba msaada, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana kugombezwa nimezoea lakini hili limenizidi kimo.

Mimi ni fundi cherehani, nakata na kushona sare katika karakana ya mama mmoja mkali, na tangu utotoni naitwa Kichwa Panzi kwa sababu nikitumwa chumvi narudi na kiberiti, shuleni nilichapwa kwa uzembe na nyumbani kwa ukaidi, nikakua nikiamini ndivyo nilivyoumbwa, mpaka binti yangu wa darasa la tatu alipopelekwa hospitali ya serikali kwa kushindwa kutulia, akapimwa, ikaonekana ana lile tatizo la umakini linaloandikwa kwa herufi nne za Kizungu, na daktari alipokuwa ananisomea dalili moja moja nikaona ananisoma mimi. Nikamuuliza, "Na mimi je, daktari?" Akasema mara nyingi linarithiwa, lakini pale ni kliniki ya watoto, niende kliniki ya akili.

Huko karani akacheka mbele za watu. "Mama, hiyo ni ya watoto. Na ukubwa huo unatafuta nini?" Nikarudi kwa watoto, wakanirudisha kwa wakubwa, nikawa mpira wa makaratasi, kila mguu na teke lake, mpaka muuguzi mmoja akanihurumia akanipangia miadi ya miezi saba mbele, nami nikaiandika kwenye kalenda, kwenye simu, na kwa chaki juu ya meza ya kukatia, na siku yenyewe ilipofika nikaenda kazini kama kawaida, nikakumbuka alasiri nikiwa nakunja pindo la suruali. Kesho yake nikakimbilia dirishani. Karani yule yule akaniambia, "Aliyekosa miadi anafutwa, anaanza upya. Ungekuwa na shida kweli ungekuja."

Wiki hiyo hiyo nilikata sare za walinzi, nikasahau kuigeuza karatasi ya kipimo, mikono yote ikatoka ya kushoto, kitambaa kizima kikaharibika. Bosi akasema, "Haya, nitafutie na walinzi wenye mikono miwili ya kushoto," wenzangu wakacheka, lakini baadaye akaniita pembeni akasema nikirudia nitafute pa kwenda. Asubuhi iliyofuata nikakata kwa mkasi kidonge alichoandikiwa binti yangu hospitali, nusu yake nusu yangu, na mama mshauri, kichwa kilinyamaza. Nilikata siku nzima bila kukosea, nikarudi nyumbani nikalia kwa hasira, kwamba kumbe ingewezekana miaka yote hii.

Sasa ni mwezi, na kila siku nakata kidonge. Jana mwalimu amepiga simu, mtoto ameanza tena kutoka darasani, na safari hii alitoka mpaka nje ya geti, dereva mmoja akafunga breki akiwa karibu kumgonga. Dada yangu tunayeishi naye hajui lolote. Nikiacha vidonge nitapoteza kazi, na kazi ndiyo inayomlisha mtoto huyo huyo. Nifanye nini?

Kichwa Panzi

JIBU

Mama, nimesoma mpaka mwisho. Sasa ni zamu yangu.

Unaacha leo. Si sare za walinzi zikiisha, leo. Dawa ile ilipimwa kwa uzito wa mtoto na moyo wa mtoto, wako hakuna aliyeusikiliza, na siku binti yako alipokuwa barabarani nusu ya utulivu wake ilikuwa tumboni mwako. Nimeyaandika makusudi yaume.

Lakini hasira yangu kubwa si kwako. Nani alikaa kitini akaamua kwamba kliniki ya watu wanaosahau imfute anayesahau? Ulipokosa ile miadi ulikuwa umewaletea dalili mlangoni, wakaitumia kukufukuza. Na karani huyo anadhani tatizo hili linang'oka pamoja na meno ya utoto? Mtu anakua nalo, anaajiriwa nalo, anazaa nalo. Hospitali inayompima binti na kumcheka mama yake imenunua kiatu cha mguu mmoja, kisha inashangaa kwa nini watu wanachechemea.

Basi sikiliza. Mwambie dada yako yote, usibakize, na vidonge akae navyo yeye na kumpa mtoto kwa mkono wake. Kisha nenda kwa daktari wa mtoto ukamweleze ulichofanya. Atakugombeza, pokea. Akimaliza, mwambie akuandikie rufaa kwa daktari wa akili mwenyewe, maana ndiye aliyekwambia linarithiwa, hawezi kusema vile halafu akanawa mikono. Dirishani nendeni wawili, na dada ndiye aongee, kwa sababu wewe utalia. Karani akileta kicheko chake msibishane naye. Muulizeni mkubwa wake ni nani, mkae pale kwenye benchi mpaka mkubwa huyo atoke. Miadi mkipewa, iandikwe na namba ya dada. Kukumbushwa si aibu.

Bosi wako naye mwambie ukweli, umwombe mwenzako mmoja atazame kitambaa kabla hujatia mkasi. Huenda akakataa, na kazi ikaondoka. Sikufichi. Kazi utatafuta nyingine.

Na hilo jina la Kichwa Panzi sitaki kulisoma tena. Walikubandika watu wazima waliokosa subira, sasa unajibandika mwenyewe hadi kwenye barua.

Ukichoka pale kwenye benchi ukataka kurudi nyumbani, kumbuka kwamba binti yako anakua. Atafika miaka kumi na minane, kliniki ya watoto itamwambia huduma yake imeisha, na atatumwa kwenye dirisha lile lile lililokufukuza wewe. Kwa hiyo usiende kuomba, nenda kudai. Karani yule asiponyamazishwa sasa, siku hiyo atamcheka mwanao, na kwa maneno yale yale.