Nimezitoa Drum Zako, Baba

Baba,

Nimezitoa. Drum zote mbili za breki za mbele, zile ulizosema nisiziguse hata ukifa. Basi ulikufa, nami nimezigusa. Ukitaka kununa nuna, lakini nisikilize kwanza. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya boneti ya gari lako, maana tangu jana siwezi kukaa mahali pamoja.

Wiki tatu baada ya kukuzika hapa Kabazi nilikuwa nampeleka Mama kliniki ya macho. Tukishuka kuelekea Nakuru breki zikavuta kushoto. Nikapampu pedali kama ulivyonifunza, mara moja, mbili, tatu, wapi! Gari likaingiza pua kwenye mahindi ya watu. Mama akatoka, akafunga kitambaa vizuri, akasema: "Hii gari uza. Nimeiogopa tangu nikiwa bibi arusi." Akasimamisha bodaboda. Mama, na magoti yale, akapanda bodaboda.

Nilikukasirikia, Baba. Najua marehemu hasemwi vibaya, lakini nilikusema. Miaka yote hiyo alikaa kando yako akiogopa, na wewe ulituambia gari husimamishwa na dereva, si breki! Kaka Njoroge akapata mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikamwomba anipe mpaka mwisho wa mwezi: Mama akikubali kulipanda tena, halikatwi.

Nikaamua kuziondoa drum niweke breki za disk, zile zinazobana sahani ya chuma na hazivuti upande. Lakini disk mpya za gari la umri huo hazishikiki kwa bei, na mshahara wa mwalimu unaujua. Aliyeniokoa ni Fundi Wafula wa Nakuru, yule mliyebishana naye kila Jumamosi. "Madam, wacha kutafuta mpya," alisema. "Tafuta mdogo wa hii gari, modeli iliyofuata, ile ilitoka kiwandani na disk, tutoe miguu yote ya mbele tuifunge hapa." Nikampata huyo mdogo Gilgil, amegongwa nyuma, mbele mzima. Mipira ya breki tu ndiyo Wafula alikataa ya mitumba.

Lakini mtoto wa nyoka ni nyoka, na ubahili wako ninao. Wafula aliniambia nichukue pia masta silinda ya huyo mdogo, ile inayosukuma mafuta ya breki. Nikasema ya Baba bado nzuri. Nilipofika Bahati kulijaribu gari, magurudumu yalikuwa yananuka moto, disk zimeshikwa hazitaki kuachiliwa, kumbe silinda yako ya drum ilikuwa inabakisha presha kwenye mipira hata nikiinua mguu. Nikarudi Gilgil kwa aibu kuifuata ile ya mdogo.

Jaribio la pili, Wafula akiwa kando yangu, nikapampu kwa nguvu zote kama kawaida. Gari likasimama papo hapo, yeye nusura abusu kioo. "Unapampu nini?" akafoka. "Hiyo mguu ni ya mzee!" Nilizima injini nikalia, Baba. Sikujua nilikuwa na kitu chako kingine zaidi ya pua na ubahili. Wiki nzima nimejifunza kuuacha huo mguu wako, nikanyage mara moja, taratibu, na imeniuma kuliko siku ya kukuzika.

Jana Mama alipanda. Aliushika mkoba kwa mikono miwili tangu getini. Kwenye mteremko nilikanyaga, gari likapunguza mwendo bila kuvuta popote. Ng'ombe wakakatiza barabara, nikakanyaga tena, likasimama. Tulipofika chini ndipo Mama aliponiambia, uso ameuelekeza dirishani: "Sikuwahi kumwambia naogopa. Alikuwa anaipenda sana hii gari."

Kwa hivyo hukujua. Nimekugombeza bure muda wote huu, na wewe huwezi hata kujitetea. Nisamehe, Baba.

Njoroge nimeshampigia, gari halikatwi. Pumzika sasa. Nami nakuahidi hili: yeyote atakayeketi kando yangu nitamuuliza kama anaogopa, na nitasubiri mpaka anijibu.

Binti yako,
Wanjiru