Koti Jeupe Lililotoka na Bandi

Walthamstow, London

Kwa Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Naianza barua hii kwa kukushika mkono na kuubusu, ijapokuwa mkono wenyewe uko mbali. Vipi magoti yako na zile ngazi? Na jicho, limepoa au bado linatoa maji? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Baridi ya huku nimeizoea kama mtu anavyomzoea mke mwenza: haipendezi, lakini imo ndani ya nyumba.

Barua ya Kaka Hamadi imenifikia. Anasema mmegombana tena juu ya hitma ya Baba. Yeye anataka isomwe, nawe umemwambia hasomewi hitma mtu ambaye hakuna aliyemwona amekufa. Mama, tangu asubuhi ile ya mapinduzi Baba alipotoka kwenda kulitazama duka lake la ushoni asirudi, mimi nimekuwa upande wako. Hata Kaka nimemwandikia maneno makali kwa ajili hiyo. Leo nina jambo la kukueleza, na usilisome mbele ya wageni. Kaa kitako kwanza.

Siku hizi nafanya kazi katika makumbusho. Usifikirie jumba kubwa. Ni nyumba ya kawaida iliyobanana na nyumba nyingine, nyuma ya barabara ndefu ya soko, na ndani yake wamekusanya vitu vya mtu mmoja tu: mcheza sinema aliyezaliwa humo, akaenda Amerika, akawa mashuhuri. Anayeiangalia ni mpwa wake, Bi Doris, mtu mzima ambaye vidole vimempinda kwa baridi yabisi hata kikombe hukishika kwa mikono miwili. Mimi nafagia, nafuta vioo, nauza tiketi. Hawa wenzetu mtu akifa hawagawi nguo zake. Huzitia ndani ya kioo na watu wakalipa kuja kuziangalia.

Siku ya kwanza Bi Doris alinipitisha chumba kwa chumba. Viatu, kofia, picha, kitana ambacho nywele bado zimo. Chumba cha juu kina kabati la kioo, na ndani limesimama sanamu lisilo kichwa, limevalishwa suti nyeupe.

"Hii hakuivaa katika sinema yoyote," akaniambia. "Alishonewa huko kwenu Zanzibar, walipokwenda kupiga picha. Meli ilikuwa inaondoka, akaichukua suti hivyo hivyo haijakwisha."

Nikasogea. Baba, unajua, alishona kwa mkono wa kushoto, na mishono yake ililalia kushoto, upande usio wa mafundi wengine. Mishono ya bega lile ililala hivyo. Na kwenye mikono, pindo na kola, bandi, ile mishono ya muda aliyoipiga kungojea jaribio, zilikuwa bado zimo, nyuzi ndefu nyekundu.

Bila shaka unamkumbuka yule mzungu mrefu aliyeagiza suti. Unakumbuka pia kwamba siku suti ilipoondoka Baba alikosa raha, hata chakula cha mchana hakukigusa. Akisema bandi ni mshono wa sanda, na nguo ya mtu aliye hai haitoki mkononi mwa fundi na bandi. Sisi tukimcheka.

Nililia pale pale, Bi Doris akanipa chai. Tangu hapo nikawa naanza kazi na chumba kile. Hupiga hodi kabla ya kuingia, maana mazoea yana taabu. Asubuhi moja nikaona chini ya lile sanamu kipande cha uzi mwekundu. Nikadhani umeoza. Nikafungua kabati, na ufunguo wake nauvaa mimi shingoni, nikautazama mkono wa kulia wa koti. Bandi imetolewa, na pahala pake pameshonwa. Mishono midogo, iliyolingana, imelalia kushoto.

Bi Doris alipoona alifurahi. "Zuhura, sikujua kama wewe ni fundi," akasema. Mimi, Mama, ambaye nikitia kifungo hung'oka pamoja na shati lake. Nikalifunga kabati nikaendelea kufagia.

Baadaye ukamalizwa mkono wa pili, kisha pindo. Chumba kikaanza kunuka pasi ya mkaa, na nyumba hii haina mkaa hata wa dawa. Kioo kikashika vumbi jeupe kwa ndani, nikilifuta linarudi. Nililionja kwa ncha ya ulimi, nikaona ni chaki ya fundi. Mchana mmoja niko chini nauza tiketi, nikasikia mkasi juu, mkasi mzito wa kukatia kitambaa. Bi Doris akainua macho darini. "Kuna mgeni juu?" Nikamwambia hakuna. Akaendelea na chai yake.

Nikamchukua Mwanaisha, yule muuguzi wa Mombasa ninayekaa naye, mtu asiyeogopa maiti wala daktari. Aliingia chumbani, akanusa, akarudi mlangoni.

"Mwenzangu, hapa pana mtu na kazi yake," akasema. "Mimi sikai."

Akashuka, akaningojea nje kwenye mvua.

Lakini mimi, Mama, siku zile sikushikwa na hofu. Nilishikwa na furaha. Nilijiambia Baba yu hai, yuko London, ana njia yake ya kuingia. Sokoni nikawa nawaandama wazee, kila niliyemwona ana bega la kushoto lililoshuka. Mmoja nilimfuata hata ndani ya treni ya chini ya ardhi. Alipogeuka nikaona ni Mgoa wa Nairobi, akaniuliza kwa Kiswahili, "Umepotea, mama?" Nilishuka kituo kilichofuata kwa aibu.

Jumatano ilikuwa imebaki bandi ya kola peke yake. Alhamisi nikapanda na ndoo yangu, nikapiga hodi. Nje theluji ilikuwa inaanguka. Kola imekwisha, vifungo vimefungwa, hakuna uzi mwekundu hata mmoja. Nikafungua kabati nikaweka mkono begani. Koti lilikuwa la moto, Mama, kana kwamba pasi imeondoka sasa hivi. Nikaweka na mkono wa pili, nikasimama hivyo nikiita Baba, Baba, mpaka joto lote likaisha chini ya viganja vyangu. Harufu ikaondoka. Chumba kikawa chumba tu.

Hapo ndipo nilipofahamu. Aliye hai angeanza kwako. Angegonga mlango wako kabla ya mlango mwingine wowote duniani, akaulizia chakula. Aliye hai hapiti nyumbani kwake akaja huku kwenye baridi kumalizia koti la mzungu ambaye naye hayupo. Sijui walimlaza wapi, wala kama kuna aliyemwosha. Nijualo ni kwamba kazi iliyokuwa imemkaa rohoni ameimaliza. Sasa tunaomzuia ni sisi.

Mama, mpe Kaka idhini. Baba asomewe hitma, watu wale chakula, waondoke wakimwombea. Nawe ukae eda yako uliyoikataa, na kanzu zake zilizomo kashani zigawiwe. Najua nakunyang'anya kitu. Ningekuwa karibu ningelala mapajani pako nikakwambia kwa mdomo, tukalia pamoja.

Nisalimie Kaka Hamadi, umwambie namwomba radhi. Nisalimie wifi yangu na wanawe. Na Shangazi, dada yake Baba, ambaye nadhani alijua siku nyingi akakuhurumia. Na jirani yetu muuza mikate ya mofa anayekutekea maji. Mwanaisha anakuamkia.

Ni mimi, mwanao,
Zuhura, binti wa marehemu Fundi Mbwana