Matundu Kumi

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, Baba. Jicho linaendeleaje? Dada aliniambia kwenye simu kwamba bandeji imetolewa, na kwamba neno lako la kwanza lilikuwa kumwambia amenenepa, nikajua umepona. Sisi huku wazima. Mama anakusalimu, anasema redio imekosa mtu wa kugombana nayo. Kwa kuwa daktari hajakuruhusu kusoma, najua ni Dada anayekusomea barua hii. Dada, tafadhali usiruke hata mstari mmoja, hasa kule mwisho, hata kama sauti itakukauka.

Baba, gari lako limepita ukaguzi! Limepita jana asubuhi, kwenye uwanja ule ule, mbele ya watu wale wale. Katika daftari la chama cha wenye magari ya zamani, pale palipoandikwa "si halisi" miaka sita iliyopita, pamekatwa mstari na kuandikwa "halisi" kwa wino mwekundu. Aliyeandika ni Katibu mwenyewe, na mkono ulikuwa mzito kama anasaini talaka.

Najua hutaki siku ile itajwe nyumbani, ila leo nivumilie. Katibu alisema mbele ya kadamnasi kwamba rimu zako ni za kuokoteza, kwa sababu kitabu chake kinasema gari la aina ile lilitoka kiwandani na rimu za matundu manane, na zako zina kumi. Wewe ukasema ulilinunua jipya na hakuna mkono mwingine uliowahi kulivua gurudumu. Watu wakacheka. Ukarudi nyumbani, ukalifunika turubai, ukaapa kwamba hutaligusa tena mpaka watu wale waseme kwa vinywa vyao kuwa hukuwadanganya. Miaka sita, mtu aliyekuwa akiimba kwenye usukani anakwenda kila mahali kwa miguu.

Nikajisemea, basi nitamtafutia hizo za matundu manane, gari lipite, yaishe. Nilitafuta mwaka mzima kwa siri. Nilipiga simu gereji ambazo siku hizi ni maduka ya nguo. Nilitumiwa picha za rimu za kila namna, hata za trekta. Mwishowe nikazipata kwa mjane mmoja mji wa jirani, amezipanga juu ya bati la banda la kuku lisipeperushwe na upepo. Nne kamili! Nilizipiga msasa, nikazipaka rangi, na ulipoondoka tu kwenda hospitali nikazivua zako. Zilikokwenda nitakuambia, usinikatize.

Nilipofunga ya kwanza, gurudumu likagoma kuzunguka. Nikamwita jirani yetu Fundi Spana. Akachungulia, akasema rimu inasugua dramu la breki, na dramu hilo ndilo lililozaliwa na gari, ni kubwa kuliko la magari yaliyofuata. Akaniuliza kama nina hakika hizo ndizo rimu zake. Nikamjibu kwa jeuri kwamba kitabu kimesema. Akasema kitabu hakina breki.

Nikafungua buti kutafuta spana ndefu, macho yakatua kwenye tairi la akiba, lile ambalo halijawahi kugusa barabara. Rimu yake nayo ina matundu kumi. Nikaikwangua rangi ya ndani kwa msasa, taratibu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ikatokea alama ya kiwanda na chini yake namba: mwezi wa pili, mwaka ule ule wa gari. Nikakimbilia kile kibati cha chini ya boneti. Gari limeundwa mwezi wa tatu! Kumbe magari ya mwanzo kabisa yalikuwa na breki kubwa na rimu zake, baadaye ndiyo wakabadilisha, na mwandishi wa kitabu hakuwahi kuliona hata moja la mwanzo. Nilikaa chini pale pale, Baba, nikalia.

Jana Katibu alikuja na kitabu chake kwapani. Nikamwomba avue rimu moja ya matundu manane ya gari lake mwenyewe, la aina ile ile, aifunge kwenye lako. Ikagoma. Akavua koti, akajaribu tena, ikagoma. Nikampa tochi. Akapiga magoti vumbini na suruali yake nyeupe, akasoma namba za rimu zote, na watu wakamtaka asome kwa sauti. Mwezi wa pili, mwezi wa pili, mwezi wa pili. Alipofika ya tano, ile ya akiba, alikuwa ananong'ona, wakapiga kelele kwamba hawasikii. Akasimama, akatamka mbele ya wote kwamba mzee alisema kweli na wao ndio waliokosea. Mama alipiga vigelegele mpaka miwani ikaanguka.

Sasa, Baba, kaa vizuri. Dada, endelea kusoma.

Siku ile nilipozivua rimu zako, kabla hata sijazijaribu nyingine, nilizigawa. Nilimpa msukuma mkokoteni anayepita mtaani kwetu, nikamwambia aniondolee takataka. Ndilo neno nililotumia. Mbili akazifunga kwenye mkokoteni wake, moja akampa fundi viatu wa kona asimamishie mwavuli, na ya nne akaipeleka shuleni kwa watoto wake, ikawa kengele. Nilipomfuata mbio na zile za mjane alicheka mpaka akakaa, akasema kwake duara ni duara. Fundi viatu naye hakuwa na neno. Aliyenitoa jasho ni mwalimu mkuu, aliyesema lazima kengele mpya ijaribiwe. Akaigonga mara moja, shule nzima ikamwagika nje ikidhani ni saa ya kwenda nyumbani. Akaniambia inalia vizuri kuliko ile yako, niichukue niende.

Lakini kuzigawa siko kunakoniuma. Siku ile uwanjani watu walipocheka, mimi sikucheka, ila niliwaamini. Miaka sita nimekutengea chakula nikikuhurumia, nikidhani umri umekusahaulisha. Sikutafuta rimu za matundu manane ili nikutetee. Nilizitafuta ili nikufichie uongo ambao hukuusema. Nisamehe, Baba.

Rimu ya nyuma kulia ina alama za chuma cha kugongea kengele. Fundi Spana alitaka kuzinyoosha, nikamkatalia. Ukija pitisha mkono, utazisikia. Hizo ni zangu mimi, na nataka zikae hapo hapo.

Turubai nimempa msukuma mkokoteni, ila safari hii nilimwuliza Mama kwanza. Jumamosi mimi na Mama tunakuja kukuchukua na gari lako. Nitaendesha mimi mpaka daktari akubali, lakini kuimba ni kazi yako. Msalimie shemeji na watoto, na umwambie Dada asante kwa kufika mpaka hapa.

Ni mimi mwanao,
Kiherehere, jina ulilonipa mwenyewe, na hapo pia hukukosea.