Tungoje Taa za Idi

Wifi yangu Mize,

Sijui salamu humfikiaje mtu aliye chini ya udongo, lakini zangu nazituma kwanza, mengine yatafuata. Naandika kwa herufi zetu za Kiarabu za chuoni, na mkono umekuwa mzito, kwa hiyo usinicheke. Ulizoea kusema mwandiko wangu ni kuku aliyepita kwenye unga. Haya, kuku amepita tena.

Jana tumesoma hitima yako ya arubaini. Watu wamekula, wameomba dua, wameondoka. Mumeo Kombo alikaa barazani akipokea mikono ya pole, na nilimwona akifuta macho. Ni ndugu yangu, namjua. Machozi yale yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Naukumbuka mkeka wetu. Kila alasiri tukisuka ukili uani kwangu hapa Chokocho, tulikuwa tukiupanga mji wa Unguja juu yake. Kifuu kikubwa ndiyo Beit el Ajaib, jumba la mfalme, kifuu kidogo soko la Darajani, penye daraja la kuvukia Ng'ambo, ukili mmoja ulionyooshwa ndiyo njia ya kutoka bandarini. Mimi ndiye niliyekuwa mjuzi, kwa sababu marehemu mume wangu alinipeleka mara moja nikiwa bibi harusi, na tangu hapo sikumwachia mtu nafasi ya kusema, hata wewe ambaye mama yako anakaa huko huko. Nilikusimulia saa kubwa inayogonga mji mzima ukasikia, motakaa, milango yenye misumari ya shaba, na nyumba za mawe zilizobanana hata watu wakapeana chumvi dirisha kwa dirisha. Tukanunua doti moja ya kanga, tukaikata, kila mmoja na upande wake, ili tusipoteane vichochoroni.

Wewe ulishika simbi moja nyeupe ya ufukweni, ndiyo sisi wawili. Kila nilipokuachia uisogeze, uliipitisha kifuu kikubwa bila kusimama, ukaivusha daraja, ukaiweka mtaa wa Ng'ambo kwenye kokoto ya nyumba ya mama yako. "Wifi, kwani lazima tuanze kwa mfalme?" Nikairudisha jumbani. Nikasema mgeni huanza kwa wakubwa, kwa mama utakwenda siku ya mwisho. Nikakutania kuwa mwanamke mzima, una mtoto wako, bado unalilia ziwa la mama. Ukacheka kidogo.

Miaka mitatu Kombo alikuwa amekukataza kwenda kwa mama yako. Lakini niliposema nataka mwenzangu wa kutembea mji, hakukataa. Mimi ndiye niliyembeba Kombo mgongoni, yeye mchanga, mama yetu alipokufa, na neno langu hajapata kulivunja. Wewe ulilijua hilo. Nami nilijua mengine, Mize, nisijitie ujinga leo. Ukuta wa udongo baina ya nyumba zetu hauzuii sauti. Nilikuwa nikisikia, nikajiambia hayo ni mambo ya mke na mume, nikaendelea kusuka.

Ukaja asubuhi moja ya Mfunguo Tisa, ukasimama mlangoni, hukutaka kukaa. "Wifi, twende na meli ya wiki hini." Nikasema tungoje Idi. Idi mji huwashwa taa za umeme, jumba lote hung'aa, uwanjani Mnazi Mmoja hapatoshi. Kwenda kabla ya hapo ni kula wali bila mchuzi. Ukanitazama. Ukasema, "Haya, tungoje." Mwezi uliofuata, Rajabu, tukakuzika.

Watu waliambiwa ni homa, baada ya mimba kuharibika. Bi Time alikuja kukuosha, kama anavyowaosha wanawake wote wa hapa kwetu. Mimi nilikuwa nimeshika shuka ya kukusitiri, yeye akipitisha maji chini yake. Shuka ikaniponyoka, nikauona ubavu wako. Homa haiachi alama ya kisigino. Bi Time akaiokota shuka, akakufunika. "Shika vyema, mwanangu," akasema. "Mwosha hana mdomo." Nikashika vyema. Tangu siku hiyo nami sikuwa na mdomo.

Nguo zako tulimpa Bi Time, ndiyo ada ya mwosha, na kanga yako ya safari ikaenda humo. Jana, watu walipotawanyika, alirudi nayo, imekunjwa, haijavaliwa hata mara moja. "Hini si yangu mie," akasema. "Hini ilikuwa ya safari." Akaiweka mapajani mwa binti yako Raya, akaenda zake.

Raya ana miaka saba, na sasa ndiye anayewasha moto jikoni kwa baba yake. Juzi uji uliungua. Nikamsikia Kombo akimwita kwa sauti ile ile aliyokuwa akikuitia wewe. Sauti tu, bado. Lakini niliutupa ukili, nikaenda mbio bila viatu.

Basi sikia. Jumatano tunapanda meli Mkoani, mimi na Raya. Nimemwambia Kombo nampeleka mtoto mjini akavunje jungu, aone jumba la mfalme na motakaa kabla ya Ramadhani kuingia. Akafurahi. Akasema mtoto amenyongea, safari itamchangamsha. Akauliza tutarudi lini, nikamjibu, meli ya wiki ya pili. Nitarudi nayo kweli, ila nitarudi peke yangu, nimtazame usoni nimwambie nilichokiona chini ya shuka. Pengine hataniita dada tena. Nimemlea mwenyewe, Mize, sijui nilikosea wapi, na naogopa. Lakini nitasema.

Unipe radhi kama unaweza. Usipoweza, nitaelewa.

Leo nimetandika mkeka, nikampa Raya ile simbi yako. Akaisukuma mpaka kifuu kikubwa, akaniuliza kama ni kweli saa ile inasikika mji mzima. Nikamwambia ni kweli, tutaisikia tukiwa njiani. Tukishuka bandarini nitamshika mkono, naye amejifunga kanga yako, mimi yangu, tulipite jumba bila kusimama, tuvuke daraja mpaka mlangoni kwa mama yako. Taa za Idi wataziona wenye kuzingoja.

Lala, wifi. Safari hii tunaanza kwa mama.

Ni mimi wifi yako,
Asha