Limi Anapoinuka Kusalimia

Mama yangu mpendwa,

Mwadila, mayu. Nakusalimu kutoka huku Uchina, nikiwa nimevaa sweta mbili na koti juu yake. Ungeniona ungecheka hadi ushike mbavu. Mimi ni mzima, isipokuwa jambo moja nitakalokueleza, nalo limeshapata dawa. Sijui ninyi hapo Mwamapalala mmeamkaje. Ng'ombe je, mvua je, na kile kikohozi cha Baba kimemwachia? Na wewe dada Kabula unayemsomea Mama, soma yote. Usiruke mistari kama unavyoruka Zaburi ukiwa na njaa.

Barua yenu imenifikia. Nimefurahi kusikia kwamba wanunuzi binafsi wa pamba wamefika na mizani zao hadi kijijini, na kwamba duka la njia panda sasa lina sabuni za kila rangi. Na sisi tulivyokuwa tukipanga foleni kwa kipande kimoja! Lakini nilipofika kwenye habari za mke wangu, furaha iliishia hapo hapo. Mnasema Limi ameanguka tena mbele ya Baba. Shangazi anasema masamva, wazee wetu waliolala, hawamtaki nyumbani kwetu, na pamba ikishavunwa atarudishwa kwao Ipililo. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi nikiomba yabadilike.

Sasa sikiliza yaliyonipata mimi. Chuo kimetupeleka kiwandani kujifunza ufumaji. Kazi yangu ni kuinama chini ya mashine, kuunga nyuzi zilizokatika, kisha kuinuka upesi. Siku moja niliinuka nikaona nyota mchana, na nilipozinduka nilikuwa sakafuni, Wachina wamenizunguka, kila mmoja anasema lake. Wakanipeleka zahanati ya chuo, kwa tabibu mzee wa dawa zao za asili.

Mzee yule hana haraka. Aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wangu akasikilizia, kama wewe unavyopapasa tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Akahamia mkono wa pili. Akaniambia nitoe ulimi. Nikajisemea, hapa sasa ataniuliza nimemkosea nani katika ukoo. Kumbe akachukua kipimo cha presha, kile kile cha hospitalini, akanionyesha kwamba presha yangu imeshuka. Wao husema nguvu ya mwili imezama tumboni, haina ubavu wa kuinua damu hadi kichwani.

Alinipa mizizi ya kuchemsha kwenye chungu cha udongo, niinywe ikiwa moto, na tangawizi kila asubuhi. Pia alinipa kunazi nyekundu zilizokaushwa, kubwa kuliko zetu. Nilipotia moja mdomoni nikawa mtoto tena machungani, mifuko imejaa kunazi, na ng'ombe wameshaingia shamba la watu. Halafu aliwasha majani makavu yaliyoviringishwa kama sigara nene, akayasogeza karibu na utosi wangu bila kunigusa, kisha chini ya kitovu. Moshi ule, Mama! Ulikuwa moshi wa zizini jioni, samadi inapochomwa kufukuza mbu, nawe unamwita Kabula alete kibuyu cha kukamulia. Nililia kama mtoto. Mzee akadhani ameniunguza, akaanza kuniomba radhi.

Nilipotulia akaniuliza, "Ulikuwa ukifanya nini ulipoanguka?" Nikamwambia nilikuwa nimeinama, nikainuka. Akasema, "Basi usiinuke ghafla. Kaa kwanza, pumua, damu ikufuate."

Hapo nikamwona Limi. Mama, hebu kumbuka. Haanguki kisimani na ndoo kichwani, wala haanguki akipalilia. Huanguka akitoka kusalimia. Anapiga magoti, anainamisha kichwa, na unajua Baba akianza kuulizia hali hana mwisho: mhola wa kwenu, mhola wa mifugo, mhola wa mvua. Akiruhusiwa anaruka juu upesi asije akaitwa mvivu. Na hapo hajatia kitu kinywani, maana anaona aibu kula kabla ya wakwe. Ulipomuuliza mwaka jana alikujibu, "Ni usingizi tu, mayu." Mficha maradhi, kilio humfichua.

Kabula ameniandikia kwamba Baba alisema, "Nimechoka, mtoto wa watu anaanguka mbele yangu utadhani nimemlaani." Namwelewa. Hana chuki, ana hofu. Mwambieni taratibu kwamba hata mimi mwanawe nimeanguka, tena mbele ya mashine, na mashine hailaani mtu.

Mizizi siitumi. Yule mzee amenikataza, anasema mwili wa mtu haupimwi kwa barua. Mpelekeni Limi hospitali ya pale Somanda wampime, waseme wao. Asipewe vidonge vya presha vya jirani, vile vya kuteremsha, vitammaliza. Alfajiri anywe uji wa mtama na ale matobolwa, vile viazi vyetu vikavu, ndipo aende kusalimia. Na akipiga magoti, Baba akubali salamu moja tu. Baba hawezi kumshika mkwewe, najua, lakini wewe unaweza. Mpe mkono, mayu, mkalishe kwenye kigoda kwanza, ndipo asimame.

Nisalimie Baba kwa heshima zote, na mjomba wa upande wa kisima, na mama mchungaji aliyenifunga kitenge siku naondoka. Shangazi naye msalimie sana, maana ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa na surua, nami sijasahau. Mwambie simbishii kuhusu wazee waliolala. Ila kama ni lazima Limi arudishwe Ipililo, basi afungiwe na shuka langu na viatu vyangu vya kanisani. Nikirudi nitashukia huko.

Wabeja, asante sana, mayu.

Mwanao,
Masanja